Shangazi, maneno yananikwama na sasa silali

SWALI: Shangazi shikamoo, mimi ni kijana wa miaka 24 niko hapa Kondele, Kisumu, nauza spea za boda. Tangu utotoni maneno hunipotea, kitu nakijua lakini kikifika mdomoni kimechanganyika, na mteja akitaja vitu vinne kwa mpigo mimi nashika cha kwanza na cha mwisho. Shule nilichapwa nikaitwa zuzu. Juzi mpwa wangu alipimwa wakasema ana shida ya ukuaji wa lugha, vile walieleza nikajiona ni mimi kabisa. Siku hizi simu ikilia moyo unadunda, matanga na harambee nimeacha kwenda, usingizi hakuna. Mamangu anasema ni juu tulichanganyiwa Kijaluo, Kiswahili na Kizungu tukiwa wadogo. Nitapona kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Mamako mwambie kwa heshima kwamba lugha nyingi hazileti hii kitu, aliye nayo inamsumbua kwa kila lugha anayoongea. Malezi pia hayaileti. Huwa inatembea kwa familia, kwa hivyo wewe na mpwa wako kufanana hainishangazi. Huko Uingereza walipima watoto wanaoanza shule wakapata kama 7 kwa kila 100, yaani wawili hivi kwa darasa la 30, sasa na yetu ya 60 piga hesabu mwenyewe. Hili jina la sasa, shida ya ukuaji wa lugha, wataalamu walikubaliana juzi tu, 2017, kwa hivyo mwalimu wako hangelijua, lakini kiboko kilipigwa marufuku 2001 na hapo simtetei.

Kupona? Shida ya lugha yenyewe utaishi nayo. Huo moyo kudunda na kukosa usingizi ndio unatibika, na usiuache, juu watu wenye shida kama yako hushikwa na wasiwasi na depresheni kuliko wengine, ukichekwa miaka yote hiyo utakosaje. Anzia kliniki ya afya ya akili kwa hospitali kubwa hapo Kisumu. Lakini kitu cha kwanza kabisa kumwambia kaunsela ni hii ya maneno, kwa sababu kazi yake yote ni maongezi, akikurushia maswali marefu utanyamaza naye aandike hutaki kusaidiwa! Mwambie aulize moja moja, akungoje, achore ikibidi, na mwende na dadako kama unamwamini. Na ukianza kuwaza kujidhuru usingoje tarehe ya kliniki, nenda kasualti usiku huo huo.

Kwa duka, waambie wateja wakutumie oda kwa voisi ya WhatsApp, unasikiza mara tatu na hakuna mtu anakutazama. Si lazima uwaeleze mbona.

Mpwa wako kama hajapimwa masikio apimwe, halafu dadako aende EARC, kile kituo cha tathmini cha wizara ya elimu, na ile ripoti aipeleke shule mapema, asingojee mtihani ufike.