Dola 20 ya 1904 ina thamani gani kweli?

Mkuu, umeuliza hiyo dola 20 ya dhahabu ya mwaka 1904 ambayo mkeo amerithi kwa babu yake Ohio, kama itakuwa na bei kubwa kwa vile imepita miaka 100. Mimi niko Houston, nafanya kazi duka la sarafu, na hiyo 1904 inaletwa kaunta sana.

Dhahabu ipo, hilo halina mjadala. Gramu 33.4, asilimia 90 dhahabu, yaani karibu wakia nzima, kwahiyo angalia bei ya dhahabu ya siku hiyo na anayekupa pungufu sana ya hapo muage. Ila kwa mkusanyaji 1904 ndo ya kawaida kuliko zote za aina yake, kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kilitoa zaidi ya milioni 6 na nyingi zilienda kulala kwenye mabenki ya Ulaya, zikaja kurudi baadae.

Watu wanaulizia zilitengenezwa ngapi, cha kuuliza ni zilibaki ngapi. Mwaka 1933 Rais Roosevelt aliamuru wananchi warudishe dhahabu, wakalipwa dola 20.67 kwa wakia, alafu sarafu zikayeyushwa. Zilizokuwa kwenye hazina ya serikali zikaisha, za Ulaya zikapona. Sasa chukua dola 20 ya 1927: ya Philadelphia zilitoka karibu milioni 3, ukitaka leo unaipata. Ya Denver mwaka huohuo zilitoka 180,000, sio chache hata kidogo, lakini zinazojulikana sasa ni kama dazeni hivi na mnadani zinaenda kwa mamilioni ya dola. Ukizilaza pamoja zimefanana kabisa, tofauti ni kiherufi D juu ya mwaka, kidogo kuliko punje ya mchele.

Yako geuza upande wa tai, angalia chini ya mkia. Ukikuta S ni ya San Francisco, nazo zilizidi milioni 5 kwahiyo bei haibadiliki sana. CC ndo ya kushtuka, hiyo ni Carson City kule Nevada, za 1870 zilitoka 3,789 tu, ila 1904 hawakuwa wanatengeneza tena.

Na tafadhali sana, msiisafishe! Sio dawa ya meno, sio kitambaa, sio chochote. Ukiipindisha chini ya taa ile mikwaruzo myembamba inaonekana yote na mnunuzi mzoefu anaiona kabla hujaongea, hapo thamani ya ukusanyaji imeshaondoka umebaki na ya dhahabu tu. Ishikeni kwa ukingo. Kabla ya kulipia gredi PCGS au NGC, zile kampuni za kukagua sarafu na kuzipa daraja la ubora, ipimeni kwanza kwenye mzani wa sonara, feki zipo nyingi, alafu weka picha hapa pande zote mbili.