Barua kwa mwanangu: kikaragosi mgongoni

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Peramiho. Mvua imeshika, mahindi yanakaribia magoti, na mama yako anakohoa kidogo ila anafoka kama kawaida, ndiyo kusema mzima.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema tarehe 28 Desemba wenzako kazini huko Hispania walikubandika kikaragosi cha karatasi mgongoni, ukazunguka nacho tangu asubuhi hadi saa ya chakula, wale wazee mnaowatunza wakicheka mpaka meno ya bandia yanacheza. Ulipokigundua wakakupigia kelele: "Inocente!" Jioni ndipo ukakumbuka kuwa hiyo ni sikukuu ya Watoto Mashahidi. Ukaniuliza: "Baba, Wakatoliki gani hawa wanaofanyiana mzaha siku ya watoto waliochinjwa?" Tena ukanikumbusha, kana kwamba nimesahau, siku hiyo mama yako huenda wapi.

Nianze na hilo neno lao. Sisi Aprili mosi tunaiita Siku ya Wajinga, na anayenaswa ndiye mjinga. Wao hawakukuita mjinga. "Inocente" kwa Kihispania ni asiye na hatia, kama wale watoto wa Bethlehemu, na ni huyohuyo asiye na hila, anayeamini anachoambiwa. Neno moja limebeba yote mawili, na mzaha ukapata pa kupenyea.

Halafu rudi kwenye Mathayo, sura ya pili. Umeisikia kila Noeli tangu ukiwa mgongoni kwa mama yako, lakini sikiliza neno moja tu: Herode aliona kwamba "amedhihakiwa" na mamajusi. Aliwaagiza warudi wampe habari, wao wakapita njia nyingine. Mfalme mzima, na askari wake na ngome zake, amekaa anangoja wageni waliokwisha kwenda zao! Aliyechezewa shere katika habari ile ni yeye, na kwa kushindwa kuvumilia akaua watoto. Mimi ndivyo ninavyousoma mzaha wa siku hiyo.

Ila asili yake iko mbali zaidi ya usomaji wangu. Ulaya ya zama za kati, makanisa makuu mengi yalimchagua mtoto mmoja wa kwaya, yakamvika kofia ya askofu na kumpa fimbo, na kilele cha uaskofu wake kilikuwa sikukuu hii. Kwenye Masifu ya Jioni, wimbo wa Bikira Maria ulipofika "Amewaangusha wakuu katika viti vyao vya enzi", wakubwa waliinuka na watoto wakakalia viti vyao. Hebu fikiria paroko wetu akimpisha mtumishi wa misa mwenye makamasi. Kulikuwa pia na sherehe nyingine za kugeuza mambo siku zilezile za Noeli, na vurugu zake zikazidi. Mtaguso wa Basel, yaani mkutano mkuu wa Kanisa, ukazipiga marufuku mwaka 1435, na kule Uingereza mfalme Henry VIII akamwondoa askofu mtoto mwaka 1541. Hispania mzaha ukabaki mitaani. Hata magazeti huchapa habari ya uongo siku hiyo. Hilo silipendi, uongo siku hizi tunaupata bure mwaka mzima.

Kwa kuwa uko Alicante, mwakani panda basi uende Ibi, mji wa mkoa huohuo. Wanaume waliopakwa unga usoni na kuvaa mavazi ya kichekesho hujitwalia mji kwa siku moja, hujichagulia meya wao, hutunga sheria za ajabu na kuwatoza watu faini, na fedha huenda kwenye misaada. Wapinzani wao wanakuja, na uwanja mbele ya kanisa unageuka vita ya unga, mayai na fataki. Jioni wanacheza ngoma. Vaa koti la zamani.

Sasa yale ya nyumbani. Tarehe 28 tulikwenda kama kila mwaka. Padre alivaa nyekundu. Baada ya misa mama yako akapalilia kaburi la kaka yako kwa mikono, hakutaka jembe. Ujumbe wako ulipofika nilisita kumsimulia. Nikamsimulia. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza: "Walikibandika kwa gundi au kwa pini?" Nikasema sijui. "Kama ni pini, mwambie aangalie lile sweta nililomfumia."

Basi nikakumbuka mazishi ya babu yako. Wewe ulikuwa mdogo sana. Kaburi limekwisha kuchimbwa, jeneza liko pembeni, mtani wetu Mhehe akarukia ndani, akajilaza chali, akafumba macho. Akasema hatoki mpaka alipwe, maana Wangoni ni wachoyo, hata mashimo wanachimba ya kubana. Bibi yako alikuwa na siku tatu hajala wala hajasema neno. Akafungua pindo la kanga, akamrushia sarafu na kumwambia: "Toka, mwenye nyumba amefika." Akacheka, kisha akalia vizuri, kilio chenye sauti. Jioni akaomba uji. Hakuna aliyeuliza wale ni Wakatoliki gani.

Jambo la mwisho. Nasikia Meksiko nao wana desturi yao ya tarehe hiyo: ukimwazima mtu kitu siku ya Watoto Mashahidi, harudishi. Anakuletea peremende au kichezeo na kikaratasi kinachokuita njiwa mdogo usiye na hila, basi, habari imekwisha.

Kuhusu zile fedha za mabati ulizotukopesha, nimefungua simu nikatazama ujumbe wa muamala. Uliingia tarehe 28 Desemba, saa mbili usiku. Mama yako anatafuta peremende za kukutumia.

Baba yako