Saa yako ya sigara

Mbukwa mwanangu,

Nimeusoma ujumbe wako kutoka Morogoro. Unauliza kama kutafuna bigijii kutakuachisha sigara. Huenda. Ila niambie kwanza: unavuta saa ngapi, na ukiwa unafanya nini?

Baba yako alikuwa na saa yake. Akishakula ugali wa uwele na mlenda, anatoka barazani na redio. Taarifa ya habari ya saa mbili ikianza tu, kiberiti kinawaka. Alipoamua kuacha alikaa pale mikono mitupu, akawa mkali hata kwa kuku, mpaka bibi yako alipoleta mabuyu kutoka Bahi. Basi akawa anapasua buyu kwa jiwe, anachambua zile nyuzi, anamumunya punje moja mpaka mbegu ibaki nyeusi, kisha anaitemea kwenye kikombe cha bati. Ng'aa! Hamu ya sigara ikipanda haikai, baada ya dakika chache inashuka, na ubuyu ulikuwa unamvusha. Nikiwa jikoni nikisikia kikombe kinalia, moyo wangu mweupe.

Halafu akaja baba yako mdogo. Mbele ya wageni akasema, "Kaka, una mimba nini, mbona ubuyu?" Watu wakacheka, akamnyooshea sigara, na baba yako akaipokea. Inaniuma mpaka leo. Labda ulikuwa utani tu, ndugu hutaniana. Hapana, alijua. Alimwona mwenzake anavyohangaika. Kesho yake baba yako alirudi kwenye ubuyu wake, na kwa hilo nitamheshimu siku zote.

Pengo halikai tupu, nimewaambia tangu mko wadogo. Wewe mwenyewe kidole tulikipaka shubiri, ukailamba ukaendelea kunyonya. Ulipopewa karanga za kumenya ndipo ulipokisahau. Nikotini yenyewe hutoka mwilini ndani ya siku chache, na siku hizo ndizo kali. Baada ya hapo mkono na mdomo bado vinadai saa yao, na pengo halikai tupu. Pipi sizitaki, zitakuozesha meno.

Lakini kama sigara ya kwanza unaiwasha kabla hujanawa uso, huo ni utegemezi mkubwa, ubuyu peke yake hauuwezi. Nenda kwa daktari. Kuna dawa, na kuna bigijii zenye nikotini zinazopunguzwa kidogo kidogo. Pengine ndizo ulizokuwa unauliza.

Uache ghafla au upunguze? Mkeo anataka ghafla. Mimi nina langu, na unalijua, ila mwenye kifua ni wewe, nakaa kimya. Baba yako aliacha ghafla. Haya, nimenyamaza.

Dada yako anakuja huko Ijumaa, nitampa ubuyu mkavu, haujatiwa rangi wala sukari. Wewe niandikie hizo saa zako, zote, na ile ya usiku unayomficha mkeo.

Mama yako