CRP ya Saa 3 Asubuhi

SWALI: Shikamoo, daktari. Mwanangu ana miezi 14. Jumanne saa 11 alfajiri mwili wake ulianza kuchemka, na kufikia saa 3 asubuhi alikuwa ameshatolewa damu hospitalini. Hakuonekana na malaria, kipimo cha damu kiitwacho CRP kikasoma miligramu 8 kwa lita, nikaambiwa damu ni safi, nikapewa dawa ya kushusha homa. Usiku akaacha kunyonya, na Jumatano asubuhi akalazwa kwa sepsisi, yaani maambukizi yanayodhuru viungo vya mwili, CRP ikiwa 146. Amepona, namshukuru Mungu, lakini bado najiuliza: kipimo cha kwanza kilikosea?
Mama, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama, na pole sana kwa usiku ule. Kwa maelezo yako, kipimo kilisoma vyema damu ya saa ile, ila majibu yake yalitafsiriwa kupita uwezo wake. CRP ni protini inayotengenezwa na ini mwili unaposhambuliwa, na kwa kawaida huanza kupanda katika damu baada ya muda wa saa 6 hadi 12, ikafikia kilele baada ya siku 2 hivi. Mwanao alipimwa homa ikiwa na umri wa saa 4 tu.

Prokalsitonini, kiashiria kingine kinachopimwa katika damu, ambacho watafiti wa Ufaransa walikihusisha na sepsisi mwaka 1993, huwahi zaidi, kwani hupanda ndani ya saa 4 hadi 6. Hata hivyo, kwa kichanga hupanda yenyewe katika siku 2 za mwanzo bila ugonjwa wowote, na huku kwetu malaria peke yake yaweza kuipandisha, pamoja na CRP, hadi mganga akadhani ni bakteria. Laktati, kipimo kingine cha damu, haionyeshi chanzo cha homa, bali huonyesha dhiki ya viungo visivyopata damu ya kutosha. Vigezo vya Phoenix vya sepsisi ya watoto, vilivyotolewa mwaka 2024, huanza kuihesabu ifikapo milimoli 5 kwa lita. Kuotesha damu, yaani kuiweka maabara ili vijidudu vilivyomo vikue, ndiko kunakomtambua mdudu mwenyewe, lakini majibu huchukua siku kadhaa, na mtoto mwenye sepsisi hawezi kuyasubiri bila dawa.

Ninayoitazama kwa matumaini makubwa ni protini iitwayo sTREM-1, iliyopimwa Jinja, Uganda, kwa watoto zaidi ya 2,000 wenye homa walio chini ya miaka 5, ikaonekana kuwabainisha vizuri walio katika hatari ya kufa.

Hadi vipimo vya namna hiyo vitufikie, mtoto aliyeacha kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea arudishwe hospitali usiku huohuo, hata kama karatasi ya maabara inasema damu ni safi. Bonyeza ukucha wake kwa sekunde 3 hadi uwe mweupe, kisha uachie: wekundu ukichelewa kurudi kwa zaidi ya sekunde 3, au viganja vikiwa vya baridi ilhali kifua kinawaka, usingoje kupambazuke. Homa ikianza tena, andika saa yake na umtajie mhudumu kabla hajatoa damu. Majibu yakiwa mazuri, muulize kama kipimo kirudiwe, na baada ya muda gani.