Siri mbili, usizifungue siku moja

Kijana aliyelelewa kwenye nyumba ya dini kali, akajijua kwamba anavutiwa na watu wa jinsia yake, mara nyingi hubeba siri mbili kwenye furushi moja: ya mapenzi na ya imani. Kosa kubwa ni kuzimwaga zote sebuleni usiku mmoja, kwa hasira. Zitenganishe. Wapo wanaopenda jinsia yao na hawakosi swala. Wapo walioacha dini kwa sababu ambazo hazihusu mapenzi hata kidogo. Ukizichanganya, utaambiwa umeacha dini ili ufanye "uchafu wako", na hoja zako za imani hazitasikilizwa tena.

Kisheria mambo haya nayo hayafanani. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa kubadilisha dini au imani yake. Hatari iko kwenye mapenzi. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha "kinyume na maumbile", kinatoa kifungo kisichopungua miaka 30, hadi maisha. Kinaadhibu kitendo, si hisia, lakini simu yako ikishaingia mikononi mwa mtu, tofauti hiyo haikusaidii sana.

Kwa hiyo anza na simu. Zima ujumbe unaojitokeza kwenye kioo hata simu ikiwa imefungwa. Simu iliyolazwa mkekani wakati wa futari inaweza kukuumbua kabla hujameza tende. Ingia WhatsApp, kagua vifaa vilivyounganishwa, ondoa usichokijua. Kama laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha baba, ni ya baba: anaweza kuifunga, na pesa zilizomo zikabaki huko. Ukitimiza miaka 18, fuatilia namba ya NIDA na usajili laini yako kwa kidole chako mwenyewe.

Halafu chumba. Tuseme uko Dar es Salaam, umepata cha 60,000 kwa mwezi huko Mbagala au Gongo la Mboto. Mwenye nyumba akitaka kodi ya miezi sita, ni 360,000. Dalali anachukua ya mwezi mmoja, 60,000. Hapo ni 420,000 na bado hujanunua godoro, ndoo wala mtungi mdogo wa gesi. Wanaokwama wengi hukwama miezi hiyo sita ikiisha: walihesabu kodi ya kuingilia, hawakuhesabu ya kuendelea, wakarudi nyumbani wakiwa wameshasema yote. Usiseme lolote kabla ya kuwa na kipato kinacholipa chumba bila msaada wa mjomba.

Vyeti vitoe mapema, kimoja kimoja: cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, vile halisi. Picha kwenye simu haitoshi, maana mwajiri atataka kuona chenyewe, na kufuatilia kingine ni safari.

Siri ikivuja kabla hujajipanga, kinachofuata huwa kisomo au maombi ya kufunguliwa. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990, ila usitarajie takwimu zimgeuze mchungaji aliyekwishashika chupa ya mafuta. Ukiwa chini ya paa lao, usishindane. Kataa mambo matatu tu, kwa upole na bila kuchoka: kufunga bila maji, kunywa dawa usiyoijua, na kutaja majina. Hilo la mwisho ndilo zito. Swali "ulianza na nani?" huulizwa kwa sauti ya huruma kabisa, na jina moja likitoka, kesho linajulikana msikiti mzima au usharika mzima. Jibu ni hilohilo kila mara: "Hakuna mtu."

Ukipigwa, kituo cha polisi unaomba PF3, fomu ya kwenda nayo hospitali, na kueleza kipigo. Sababu ya kipigo si lazima uieleze. Aliye chini ya miaka 18 anaweza kupiga 116, namba ya msaada kwa watoto, bure, naye aseme anapigwa au amefukuzwa, basi.

Kuhusu kuacha dini yenyewe: haihitaji tangazo. Mungu hakosekani kwenye maisha ya mji huu kwa urahisi kiasi hicho. Kinachokosekana haraka ni watu. Mkatoliki asiyeonekana jumuiyani hukosa utambulisho wa jumuiya siku ya ubatizo wa mtoto au ya mazishi. Kwa Mwislamu kuna mirathi: katika fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, aliyetoka kwenye Uislamu hamrithi Mwislamu, na ndugu mwenye tamaa ya nyumba ya Magomeni hatasahau ulichotamka mbele ya mashahidi. Punguza kidogo kidogo. Kazi ya zamu, hasa ya Jumapili au Ijumaa mchana, inaeleweka na kila mzazi anayejua kodi ni nini.

Misiba usiache. Toa mchango, kaa turubaini, beba viti. Anayezika wenzake haulizwi sana anaamini nini. Na salamu zijibu kama unavyojibu shikamoo. Mama Rosa wa genge akisema "Tumsifu Yesu Kristo", sema "Milele na milele, amina", kisha uulize nyanya fungu bei gani.