Mnaoanza kusoma kinga ya nyuklia, msianze na kilomita

Kazi yangu ya kwanza chuoni kuhusu mambo haya ilikuwa jedwali. Huku ndege za kubeba silaha za nyuklia, huku nyambizi za kuzibeba. Kombora la Rafale, ndege za kivita za Ufaransa, huenda kama kilomita 500; Trident, kombora la nyambizi za Waingereza, hupita 7,000. Nikaandika nyambizi imeshinda, nikarudi zangu Malindi likizo. Mwalimu alinirudishia na swali moja pembeni: mbona basi Wafaransa wana zote mbili?

Wadogo zangu, anzieni hapo. Silaha hii kazi yake ni kumfanya adui asithubutu. Kwa hiyo ulizeni kwanza adui anatakiwa aone nini, na asione nini.

Ndege ni ya kuonwa. Zikipakiwa makombora, setilaiti za adui zinaona naye anaelewa anaambiwa nini. Hata zikisharuka zinaweza kuitwa zirudi. Ila uwanja wake uko kwenye ramani, na ukiwahiwa alfajiri hakuna cha kurusha. Nyambizi ni ya kufichwa. Wavuvi wetu hawahitaji kufundishwa hili: anayejua mwamba wenye changu hamwambii hata shemeji yake. Februari 2009 nyambizi za nyuklia, Vanguard ya Waingereza na Le Triomphant ya Wafaransa, ziligongana chini ya Atlantiki. Wengi walicheka. Mimi nilichokiona ni nyambizi mbili zilizokaribiana mpaka zikagusana bila kusikiana. Sasa adui atazisikia wapi?

Ukimya huo una bei. Ili moja iwe doriani kila siku, kama Waingereza wanavyofanya tangu 1969, wanaweka nne, kwa kuwa nyingine iko matengenezoni, nyingine mazoezini. Wafaransa nao wana nne, na bado wanalipia ndege.

Halafu kuna jambo ambalo jedwali langu halikuwa na safu yake: silaha ni ya nani? Waingereza walitaka kubaki na ndege, wakategemea Skybolt, kombora la Marekani la kurushwa angani. Mwaka 1962 Marekani ikaufuta mradi. Desemba Macmillan, waziri mkuu wa Uingereza, akaonana na Rais Kennedy wa Marekani huko Nassau, Bahamas, akatoka na ahadi ya Polaris, kombora la Marekani la nyambizi. Walihamia baharini kwa sababu mwenye duka alifunga rafu moja. Mabomu yao ya mwisho ya nyuklia ya ndege waliyastaafisha 1998, na 2025 wametangaza kununua ndege za kivita 12 aina ya F-35A za kubeba bomu la nyuklia. Bomu lenyewe ni la Marekani.

Polaris, kwa njia, ni jirani yetu. Roketi za Scout zilizorushwa Ngomeni, karibu na Malindi, ikiwemo ile iliyopeleka setilaiti iitwayo Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, injini yao ya chini ilitokana na ya Polaris. Siku mkichoka na vitabu, pandeni matatu ya Gongoni, mmalizie kwa bodaboda, mkaangalie yale majukwaa ya kurushia roketi baharini.