Maswali Yenu: Pointi za hoteli, watoto wanne na safari ya Desemba

Tangu niandike kuhusu kuwapeleka watoto Dar likizo, maswali ya hizi kadi za uanachama za hoteli kubwa yamekuja mengi, ya Newala yamo, ya Kilwa yamo. Nimechukua manne. La kwanza nimelijibu kwa kirefu maana wengi mmeuliza hilohilo.

*Dada habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, tuko Shangani hapahapa Mtwara. Baba yao anaenda Dar kikazi kama mara tano kwa mwaka, analala hoteli kubwa siku tatu tatu. Juzi karudi anasema wenzake wana pointi za hoteli na wanaenda kulala bure na familia zao. Sisi Desemba tukishauza korosho tunataka kwenda wote sita. Hizo pointi ni za kweli au maneno ya mjini tu? Na sisi tunaweza kulala bure?*
*Mama Wanne, Shangani*

Nzuri sana dada yangu. Pointi ni za kweli kabisa, ila kulala bure Desemba hii toa kwenye hesabu zako, nisikudanganye.

Iko hivi. Unalala hotelini, unalipa, unaandikiwa pointi kwa hela uliyolipa, zikishajaa unazitumia kulipia chumba. Hoteli nyingi kubwa ziko chini ya makampuni ya nje na kila kampuni ina uanachama wake. Marriott wana Bonvoy, Hilton wana Honors, Hyatt wana World of Hyatt, na Holiday Inn na Crowne Plaza ziko chini ya IHG. Kujiunga ni bure. Na si jambo la jana, Holiday Inn na Marriott walianza mwaka 1983, miaka miwili tu baada ya shirika la ndege la American Airlines kuanza kuwapa abiria wake maili, yaani pointi za ndege. Kwa pale Dar, New Africa ni Four Points by Sheraton, na Sheraton ni ya Marriott tangu walipoinunua Starwood mwaka 2016. Protea nazo Marriott walizichukua 2014. DoubleTree ya Oysterbay ni Hilton, na Kilimanjaro pale Kivukoni ni Hyatt. Kwahiyo cha kwanza kabisa muulize baba watoto, hizo safari tano analala wapi? Maana kama leo yuko kwa Hyatt mwezi ujao kwa Hilton, pointi zinakuwa vijipande vijipande kila mahali na hakuna kinachojaa.

Sasa twende kwenye hesabu, hapa ndo watu wengi wanadanganyana. Tuseme chumba ni dola 150 na analala siku 3, hiyo ni dola 450. Marriott kwenye hoteli zao nyingi wanatoa pointi 10 kwa kila dola, anapata pointi 4,500. Na zinahesabiwa kwenye bei ya chumba kabla ya kodi, ile VAT ya asilimia 18 haikupi hata pointi moja. Bili inaweza kuandikwa kwa shilingi, kama kanuni za 2025 zinavyotaka, wao kwenye mfumo wao wanageuza kuwa dola. Haya, hizo 4,500 thamani yake haifiki dola 45, maana pointi moja ya Marriott watu wanaihesabu chini ya senti moja ya dola. Safari tano ni pointi 22,500. Kwa mwaka mzima wa kazi hapo unaongelea usiku mmoja wa chumba kimoja, kama hoteli yenyewe siyo ya bei kali, na nyie mko sita mnahitaji vyumba viwili.

Halafu kuna swali ambalo wenzake hawajamwambia, nani analipa? Kama mwandaaji wa semina ndo anailipa hoteli kwa bili moja ya watu wote, mara nyingi pointi haziji kwake hata kidogo. Kama anapewa posho yake na analipa mwenyewe risepsheni, zinakuja, ilimradi amebuku moja kwa moja kwa hoteli, kwa simu au kwenye tovuti au aplikesheni yao, na namba yake ya uanachama imeingizwa.

Hilo la kubuku moja kwa moja nalisisitiza kwa sababu limeniuma mwenyewe. Nilienda Dar na mama yangu na wanangu wawili, nikabuku kupitia mtandao wa wakala kwa sababu ilikuwa pungufu kwa elfu kumi na tano. Tumefika usiku na basi la kutoka huku, zaidi ya kilomita 500 hizo, mdogo kalala juu ya begi sakafuni, mama kakaa anajisugua magoti. Nikampa kijana wa risepsheni namba yangu ya uanachama kwa kujiamini kabisa. Akaangalia, akanigeuzia kioo cha kompyuta nione mwenyewe, pale pa namba ya mwanachama pako wazi peupe. "Dada hii imetoka kwa wakala, haihesabiki." Pointi sikupata, waifai nikalipia, na asubuhi nilipoomba tukae kidogo mpaka mama apumzike nikaambiwa saa nne mwisho. Ile elfu kumi na tano iliisha kwenye waifai tu.

Kwahiyo Desemba yenu mimi ningefanya hivi. Baba ajiunge leo, aingie bei ya mwanachama, mara nyingi iko chini kidogo ya ile bei ya kila mtu na waifai inakuwa bure. Avibuku vyumba vyote viwili kwa jina lake na alipe yeye, maana Marriott wanampa mwanachama pointi za mpaka vyumba vitatu kama yeye mwenyewe amelala kimoja. Ukiandika kimoja jina lako kimoja lake mnagawana bure tu. Halafu pigeni simu, taja umri wa kila mtoto mmojammoja, uliza kitanda cha ziada ni bei gani, na uliza vyumba vyenye mlango wa kati. Hilo la mlango wa kati kwa familia yenye watoto wadogo naona linazidi pointi zote duniani. Hilton tangu 2021 wameweka utaratibu kwenye hoteli zao nyingi unathibitishiwa hivyo vyumba palepale unapobuku. Kwingine inakuwa ombi tu, ukifika unaweza kukuta mmoja yuko ghorofa ya pili na mwingine ya tano, sasa nani analala na nani?

Na kwa siku zake 15 za mwaka, kama zote ni kwa Marriott na zote zimehesabiwa, anapata daraja la Silver ambalo linataka siku 10. Lina pointi za nyongeza asilimia 10 na kuomba kuchelewa kutoka chumbani kama nafasi ipo. Gold ni siku 25, hapo unaweza kukaa mpaka saa nane mchana, ambalo kama mnarudi na basi la usiku na watoto wanne ni msaada mkubwa, ila bado linategemea nafasi. Asiongeze safari hata moja kwa ajili ya kulifukuzia.

*Mwalimu mwenzangu kaniambia ukifika Gold chai ya asubuhi ni bure kwa familia yote. Mimi nina watoto watatu. Ni kweli?*
*Mwalimu, Nachingwea*

Mwalimu shikamoo. Si kweli, na hili limewaaibisha watu mezani mbele ya watoto. Hilton Gold, kwa hoteli za nje ya Marekani, chai ni ya mwanachama na mgeni mmoja wa chumba hicho. Wawili. Marriott wenyewe inaanzia Platinum, siku 50 kwa mwaka, na ni wawili vilevile. Hyatt ndo wamefikiria watoto, watu wazima wawili na watoto wawili, lakini ni daraja la Globalist linalotaka siku 60 kwa mwaka, na mwalimu anayefundisha hizo siku 60 atazitoa wapi.

Kwa watoto watatu chukua tu ile bei ya chumba yenye chai ndani, kisha uliza mtoto wa umri gani analipa nusu na wa umri gani halipi. Jibu liombe kwa maandishi, hata kwa WhatsApp ya hoteli. Holiday Inn wana utaratibu wao wa watoto wa miaka 12 kushuka chini kula bure wakiwa na wazazi, huo ni wa hoteli zenyewe wala hauhitaji daraja, ila masharti yanatofautiana nchi na nchi, kwahiyo ukipata safari ya nje uliza kabla hujalipa.

*Kuna jamaa kwenye grupu anauza pointi laki moja kwa bei chee, anasema natuma hela yeye ananibukia chumba. Ni salama?*
*Kijana, Masasi*

Mdogo wangu, hiyo ni kangomba kama ile ya magendo ya korosho. Kuuziana pointi mkononi ni kinyume cha masharti yao, akaunti inafungwa na chumba kinafutwa, na wewe uko getini na mabegi. Asipokuwa mwizi ni hivyo, akiwa mwizi ni ile ya tuma kwenye namba hii. Kama mna pointi chache chache ndani ya familia njia halali ipo, Hilton wanaruhusu mpaka watu 11 kuunganisha pointi zao bila malipo. Wewe, mkeo, kaka zako, mnaweka chungu kimoja.

Zako mwenyewe zilinde pia. Mwaka 2018 Marriott walitangaza kwamba kanzidata ya wageni ya Starwood imedukuliwa, na mwanzoni walisema wageni wanaoweza kuguswa ni mpaka milioni 500. Neno la siri la hoteli lisiwe lile la simu benki. Na usiziache zilale, Marriott, Hilton na Hyatt zinafutika akaunti ikikaa miezi 24 bila chochote kuingia wala kutoka, IHG kwa mwanachama wa kawaida ni miezi 12 tu.

*Asalaam aleikum. Nina gesti ya vyumba nane hapa Lindi mjini. Nikisoma haya ya pointi najiuliza, mtu mdogo kama mimi naweza kuwafanyia wateja wangu kitu kama hicho? Wengi ni familia zinazopita kwenda Mtwara au zinazoleta wagonjwa.*
*Mwenye gesti, Lindi*

Waaleikum salaam kaka yangu. Swali lako limenifurahisha kuliko yote. Unaweza, na unaweza vizuri kuliko wao kwa sababu wewe mteja unamjua sura.

Kuna gesti moja nalala kila nikipita Lindi, mama mwenyewe ana daftari la kaunta lenye jalada la bluu, limefungwa kamba ya kanga, kila mteja wa kurudi ana ukurasa wake. Jina, simu, tarehe, na pembeni kaandika mambo yake, "mtoto anaogopa giza", "hali pilipili". Mara ya pili nilipoenda na wanangu taa ya korido ilikuwa inawaka usiku kucha na wala sikuomba.

Anza na daftari. Kisha chagua namba moja unayoiweza, siku tisa analipa, ya kumi bure, hiyo ukiigawa ni kama punguzo la asilimia 10, sasa piga hesabu ya umeme, mashuka na msichana wa usafi uone kama inakuachia kitu. Kama haikuachii weka ya kumi na tano. Hesabu siku za familia nzima pamoja, baba akija peke yake Machi na mama akija na watoto Juni ziingie ukurasa mmoja. Godoro la chini la mtoto usilitoze.

Na msimu wa minada ya korosho ukifika na vyumba vyote vimejaa, utatamani kumwambia yule wa siku ya kumi arudi Januari. Usifanye hivyo. Kama kweli unajua Oktoba mpaka Desemba huwezi, sema tangu siku ya kwanza, liandike pale risepsheni kwa herufi kubwa mtu alione kabla hajatoa hela. Na siku yake ya kumi ikifika mwambie wewe, usisubiri akuulize.